Kutengeneza Utando wa Polima Usioichokoza Damu: Mwongozo kwa Maabara Ndogo ya Tanga

Mgonjwa wa figo anapomaliza saa zake 4 kwenye mashine ya kusafisha damu, kichujio kilichomhudumia huondolewa, na mara nyingi hutupwa pamoja na taka hatarishi bila mtu kukitazama mara ya pili. Siku niliyokwenda kujifunza katika chumba cha kusafishia damu, muuguzi mmoja mtu mzima alikiinua kichujio kilichokwisha kutumika akakielekeza dirishani, akanionyesha nyuzi zilizorudi kuwa nyeupe baada ya damu kurudishwa mwilini kwa maji ya chumvi, na katikati yake mistari myembamba ya rangi ya kahawia iliyokoza. "Mwanangu," akasema, "hizi zilishaziba kabla hata hatujafika nusu ya muda, na heparini ya kuzuia kuganda alipewa kama kawaida." Nikamjibu, "Nimeona, Sista," ingawa wakati ule nilichokuwa nimekiona ni uchafu tu, na sikujua kwamba ile mistari ilikuwa ni maelezo kamili ya kazi iliyokuwa inanisubiri mezani kwangu.

Mwongozo huu unawahusu mafundi sanifu wa maabara, wanafunzi wa kemia na wahandisi wanaotaka kujaribu kutengeneza polima inayoweza kukaa na damu. Unaishia kwenye vipande bapa vya utando vya ukubwa wa kiganja, vya kupimwa ndani ya chupa na si kwa mtu. Kipande chochote kitokacho kwenye meza ya namna hiyo hakiruhusiwi kumgusa mgonjwa, kwa kuwa kutoka hapo hadi kwenye kifaa kilichosajiliwa kuna safari ndefu inayosimamiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, na safari hiyo haina njia ya mkato.

Damu hufanya nini inapokutana na plastiki

Ndani ya kichujio cha siku hizi mna nyuzi zenye uwazi katikati, kila moja ikiwa na kipenyo cha ndani cha mikromita 200 hivi. Ukichukua nyuzi 10,000 zenye urefu wa sentimita 25 na kukokotoa eneo la ndani, utapata takriban mita 1.6 za mraba, yaani ukubwa unaokaribia mkeka wa kulalia mtu mmoja. Damu yote ya mgonjwa hupita juu ya mkeka huo mara nyingi katika kila awamu, na wagonjwa walio wengi hufanya awamu 3 kwa wiki.

Wengi wetu tuliotoka kwenye kazi za kuchuja maji huanza kwa kufikiria matundu. Hesabu ya matundu ni nyepesi kueleweka: urea yenye uzito wa molekuli 60 na kreatinini yenye 113 zipite, protini ndogo iitwayo beta-2-mikroglobulini yenye uzito wa takriban 11,800 nayo ipite ikiwezekana, lakini albumini yenye takriban 66,000 ibaki ndani ya damu. Hayo ni kweli, lakini damu huujibu uso wa utando kabla haijafika kwenye matundu. Ndani ya sekunde chache tangu igusane na polima, protini zake hujibandika juu ya uso huo, na fibrinojeni ni miongoni mwa zile za mwanzo. Fibrinojeni ikijibandika kwa umbo lililoharibika, chembe sahani huitambua na kunasa hapo, na ukuta wa damu iliyoganda huanza kujengwa. Wakati huohuo uso wenye chaji hasi huamsha mnyororo mwingine wa kuganda kupitia protini iitwayo fakta XII. Heparini huzuia hatua za mwisho za kuganda, lakini haizizuii protini kujibandika, na ndiyo maana Sista alikuwa na kichujio kilichoziba mkononi ilhali dawa ilikuwa imetolewa.

Upo pia mfumo wa kinga uitwao komplementi, ambao wanaoanza huusahau kwa sababu hauachi mistari inayoonekana kwa macho. Vichujio vya zamani vilitengenezwa kwa selulosi, ambayo uso wake umejaa vikundi vya haidroksili. Sehemu ya komplementi iitwayo C3b hushikana na vikundi hivyo, mfumo mzima ukaamka, na seli nyeupe zikapungua kwa ghafla katika damu ndani ya dakika 15 hivi za mwanzo kwa kuwa zilikwenda kukusanyika katika mishipa midogo ya mapafu. Tangu mwaka 1943, Willem Kolff alipotumia huko Uholanzi mrija wa selofani uliokuwa ukitumika kufungia soseji, hadi miongo kadhaa baadaye, wagonjwa walisafishwa kwa selulosi na wengi waliokolewa nayo. Nalisema hili ili msomaji asiidharau selulosi: kasoro yake inajulikana, ina jina, na ina namna ya kurekebishwa.

Kuchagua polima

Kwa anayeanza, napendekeza poliethasalfoni ikichanganywa na polivinili pirolidoni, ambayo hapa nitaiita PVP kwa kifupi. Poliethasalfoni ni ngumu, inastahimili joto, na haitengenezwi kwa bisfenoli A kama ilivyo kwa ndugu yake polisalfoni. Tatizo lake ni kwamba inayachukia maji, na uso unaoyachukia maji hupendwa na protini. PVP inayapenda maji. Ikibaki juu ya uso wa utando huvuta tabaka jembamba la maji ambalo protini hushindwa kulipenya kwa urahisi. Wazo zima la nyenzo hizi limo katika tabaka hilo la maji.

Chaguo la pili ni asetati ya selulosi. Baadhi ya vikundi vya haidroksili huwa vimefunikwa kwa asetili, hivyo komplementi haiamki sana kama kwenye selulosi tupu, na gharama yake ni nafuu. Hapa Tanga swali hufuata mara moja: kwa nini tusianze na mkonge, ikiwa zao lenyewe lilifika hapa mwaka 1893 na singa zake bado zinatoka kwenye korona, yaani mitambo ya kusindika mkonge, kila siku? Swali ni zuri na mimi mwenyewe nimelijaribu. Takriban theluthi mbili ya singa kavu ya mkonge ni selulosi, na inaweza kusafishwa kwa alkali, kupaushwa, kisha kufanyiwa asetilisho. Hata hivyo masalia ya lignini na ya madini hubadilika kutoka mzigo hadi mzigo, na nyenzo ya damu haivumilii mabadiliko ya namna hiyo. Ninashauri mkonge uwe mradi wa pili, baada ya mikono kuzoea polima iliyonunuliwa yenye cheti cha usafi; ukianza nao, kipande kitakaposhindwa mbele ya damu hutajua kama kosa ni la utando au la singa.

Jihadhari pia na kishawishi cha kuongeza chaji hasi nyingi juu ya uso kwa hoja kwamba chembe sahani nazo zina chaji hasi na zitasukumwa mbali. Utando uitwao AN69, wenye chaji hasi kali, ulihusishwa na athari za ghafla za mzio kwa wagonjwa waliokuwa wakimeza dawa za shinikizo la damu za kundi la kaptopril. Uso ule ulizalisha bradikinini, kemikali ya mwilini inayotanua mishipa ya damu, na dawa ile ilizuia isivunjwevunjwe. Wagonjwa wengi wa figo wana shinikizo la damu, kwa hiyo utando wako utakutana na damu yenye vidonge ndani yake.

Kumimina utando

Kausha poliethasalfoni na PVP katika tanuri la maabara kwa nyuzi joto 80 za Selsiasi usiku kucha. Pima kwa uzito sehemu 16 za poliethasalfoni, sehemu 5 za PVP, na sehemu 79 za kiyeyushi kiitwacho NMP. Weka kiyeyushi kwanza katika chupa yenye mfuniko, washa kikorogeo cha sumaku kwa joto la nyuzi 60, kisha nyunyizia unga kidogo kidogo, maana ukiumimina wote kwa pamoja utapata bonge kama ugali uliosongwa vibaya, na hakuna mwiko wa kuliokoa. Baada ya saa kadhaa mmumunyo utakuwa mzito na mwangavu kama asali. Uache utulie usiku mzima ili viputo vya hewa vitoke.

NMP inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, kwa hiyo mjamzito asiishike kabisa, na wengine waishughulikie ndani ya kabati la kuvutia hewa wakiwa wamevaa glavu za mpira wa butili. Glavu nyembamba za hospitali hupenywa nayo upesi.

Mimina mmumunyo kwenye kioo safi, usambaze kwa wembe wa kusambazia wenye nafasi ya mikromita 200, kisha zamisha kioo ndani ya maji yaliyokenekwa, kwa mkupuo mmoja na kwa pembe ileile kila mara. Kiyeyushi kitatoka, maji yataingia, na polima itaganda ikiwa na matundu. Utaona kioo kikigeuka cheupe kama tui, na baada ya muda mfupi utando utajibandua wenyewe na kuelea.

Hapa ndipo hali ya hewa ya Pwani inapoingilia kazi. NMP na PVP zote mbili hunyonya unyevu wa hewani. Katika masika yangu ya kwanza na kazi hii, mwezi wa Aprili, nilisambaza mmumunyo na kugeuka kuandika namba ya kipande kwenye daftari. Nilipogeuka tena, ukungu mweupe ulikuwa umeshaanza kutambaa kutoka pembeni mwa kioo kabla hakijaona maji. Vipande vya siku ile vilikuwa na matundu makubwa juu ya uso na vikavujisha albumini, ilhali vilivyotengenezwa kwa mmumunyo uleule wakati wa kiangazi vilikuwa vizuri. Tangu hapo kipimaunyevu kinakaa kando ya kioo, kiyoyozi huwashwa saa moja kabla, na muda kati ya kusambaza na kuzamisha huhesabiwa kwa saa ya mkononi: sekunde 10, hazizidi. Unyevu ukizidi asilimia 60 chumbani, hatumimini. Maabara isiyo na kiyoyozi inaweza kutengeneza sanduku la plastiki lenye silika jeli ya kukausha hewa na kufanyia kazi humo. Ni tabu, lakini inawezekana. Andika unyevu na joto la kila kipande, hata ukiona ni kupoteza wino.

Kuosha

Kama ningeruhusiwa kumfundisha mtu hatua moja tu ya kazi hii, ningemfundisha kuosha. Vipande vingi vinavyoshindwa mbele ya damu havishindwi kwa sababu ya polima. Vinashindwa kwa sababu ya vitu vilivyobaki ndani yake. Mabaki ni ya aina tatu, na kila moja lina dawa yake.

La kwanza ni kiyeyushi. Badilisha maji yaliyokenekwa mara kadhaa katika saa 24 za mwanzo, kisha weka vipande kwenye maji ya nyuzi 60 hadi 70 kwa saa kadhaa na ubadilishe tena. Chukua maji ya mwisho uyapime kwa spektrofotomita katika mwanga wa urujuanimno, ukiyalinganisha na maji ambayo hayakuguswa na utando. Endelea kuosha hadi vipimo viwili vifanane mara tatu mfululizo.

La pili ni PVP ambayo haikushikwa na polima. Hii huteleza ikaingia katika damu, na pia hufanya matokeo yako yaonekane mazuri leo na mabaya wiki ijayo, kwa sababu uso unaopenda maji unazidi kupungua kila unapooshwa. Kuigundua ni rahisi. PVP hushikana na iodini, na ushikanaji huohuo ndio uliomo katika ile dawa ya kahawia ya vidonda inayopatikana kila duka la dawa kuanzia Ngamiani hadi Chumbageni. Tone la mmumunyo hafifu wa iodini katika maji ya kuoshea litakupa rangi nyekundu ya kahawia iliyokolea ikiwa PVP bado inatoka. Viwandani ziada yake hupunguzwa kwa hipokloriti ya sodiamu au hufungwa kwa mionzi ya gama. Katika maabara ndogo maji ya moto na subira vinatosha.

La tatu ni endotoksini, na hili lilinigharimu miezi mitatu. Endotoksini ni masalia ya kuta za bakteria; bakteria mwenyewe anaweza kuwa amekufa zamani, nayo ikabaki na nguvu yake yote. Kuchemsha maji hakuiondoi. Mimi nilikuwa nikiosha vipande kwa uangalifu kwa maji yaliyokenekwa, halafu suuzo la mwisho nikilifanya kwa maji yaliyohifadhiwa katika ndoo yenye mfuniko, ambayo nilidhani ni safi kwa kuwa yalikuwa yametoka kwenye mtambo uleule wa kukeneka. Yalikuwa yamekaa siku nne katika joto la Tanga. Seli nyeupe za damu ya majaribio zilikuwa zikiamka kila mara, nami nikabadilisha kiwango cha PVP mara tano, nikabadilisha aina ya polima, nikaandika ripoti ndefu ya kuilaumu komplementi, hadi mwenzangu mmoja alipoipima ndoo.

Kwa hiyo suuzo la mwisho lifanyike kwa maji ya sindano yaliyofunguliwa siku hiyohiyo. Vyombo vya kioo vichomwe katika tanuri kavu kwa nyuzi 250 kwa dakika 30, na maji yaliyokaa na utando yapimwe kwa LAL, kipimo cha kugundua endotoksini. Kikomo kinachotumika kwa vifaa vinavyogusana na damu ni uniti 0.5 za endotoksini kwa kila mililita ya maji ya kuoshea kifaa. Kwa mlinganisho, maji safi kupindukia ya kusafishia damu hutakiwa kuwa chini ya uniti 0.03 kwa mililita, na hilo ni sharti linaloeleweka ukikumbuka kwamba mgonjwa mmoja hupitishiwa lita 120 za maji hayo ng'ambo ya utando katika awamu moja ya saa 4.

Kupima kwa damu

Kabla ya kuchukua hata tone moja la damu ya mtu, pata kibali cha kamati ya maadili ya utafiti. Kwa Tanzania Bara njia hiyo hupitia taasisi yako na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR. Mchangiaji awe mzima, na asiwe ametumia aspirini kwa takriban siku 10, kwa kuwa aspirini huzilemaza chembe sahani na kuupa utando mbaya sifa isiyo yake. Damu itumike ndani ya saa 4 tangu itolewe.

Anza na kipimo cha bei nafuu, cha kupasuka kwa seli nyekundu. Damu yenye sitrati huzimuliwa hadi himoglobini ifikie miligramu 10 kwa mililita, kisha mililita 1 yake huongezwa kwenye mililita 7 za maji ya chumvi yenye bafa ambamo utando umo, na chupa hukaa kwenye nyuzi 37 kwa saa 3 zikigeuzwa taratibu kila baada ya nusu saa. Weka pia chupa yenye maji matupu, ambamo seli zote zitapasuka, na nyingine yenye kipande cha poliethilini, ambamo hazitakiwi kupasuka. Zungusha kwenye sentrifuji, pima himoglobini iliyotoka, na ukokotoe asilimia. Chini ya 2 ni salama, kati ya 2 na 5 ni hafifu, zaidi ya 5 utando huo umeanguka. Ukianguka, usirudi kwenye polima. Rudi kwenye kuosha.

Ukifaulu, nenda kwenye chembe sahani. Hapa wengi hukosea katika kuchagua dawa ya kuzuia kuganda. Sitrati hukamata kalsiamu, na bila kalsiamu kuganda na komplementi zote hulala, kwa hiyo utando wowote utaonekana mpole. Kwa majaribio ya kuganda tumia heparini kidogo tu, kiasi cha kuzuia damu isigande ndani ya bomba la sindano lakini isifunike kosa la utando. Hesabu chembe sahani kabla na baada ya saa moja ya mguso, kisha kausha kipande na ukitazame chini ya hadubini ya elektroni ikiwa chuo fulani kitakukubalia. Chembe sahani zilizotulia ni za mviringo. Zilizoamka hutoa vidole na kutandaa kama pweza mwambani.

Komplementi ipimwe mwisho kwa sababu vifaa vyake ni ghali. Gusanisha utando na seramu mpya kwenye nyuzi 37, ongeza EDTA muda ukifika ili kila kitu kisimame palepale, kisha pima C3a au C5a, vipande vya protini vinavyotolewa komplementi inapoamka. Weka kipande cha selulosi tupu kama kilinganishi chenye kuchokoza. Kama selulosi yako haikuchokoza kitu, seramu imekufa na kazi ya siku hiyo haihesabiki.

Utaratibu mzima wa vipimo vya mguso wa damu umo katika kiwango cha kimataifa ISO 10993-4, na kila kipimo kirudiwe kwa damu ya watu wasiopungua watatu, kwa kuwa damu za watu hazifanani.

Jambo la kutakasa vijidudu nalipitia kwa haraka. Mvuke wa nyuzi 121 hauachi sumu na poliethasalfoni huustahimili. Mionzi ya gama, kwa kawaida kilogrei 25, hufanya kazi vizuri lakini hubadilisha PVP. Gesi ya ethilini oksaidi hubaki ndani ya plastiki na imewahi kuwaletea wagonjwa mzio. Njia yoyote utakayoichagua, rudia vipimo vyote vya damu baada yake, maana utando uliotakaswa ni nyenzo tofauti na ule uliotoka majini.

Vipande ambavyo havitumiki mara moja vilowekwe kwenye gliserini iliyochanganywa na maji kabla ya kukaushwa, la sivyo matundu yatajifunga. Kutoka kila mmimino weka vipande viwili pembeni kwenye bahasha yenye tarehe, unyevu wa chumba, namba ya mzigo wa PVP na jina la aliyeosha. Miezi 6 baadaye vipime tena pembe ya tone la maji, ukipiga picha kwa simu kutoka ubavuni: tone lililokuwa limetandaa likiwa sasa limesimama kama shanga, PVP imeondoka, na mmimino huo haufai kuendelezwa kuwa nyuzi.